Kuku wa Mungaa na Kodi ya Likizo

Kiwandani kwetu mtu haendi likizo anapochoka. Anakwenda alizeti inapokwisha. Mbegu zikianza kuingia baada ya mavuno, malori yanapanga foleni hadi barabarani, mashine hazizimwi, na ukimwambia msimamizi kwamba unataka kupumzika atakutazama kana kwamba umeomba akuoze binti yake bure. Mvua zikishanyesha na ghala likibaki na vumbi na panya, ndipo tunapokumbushwa kwa upole mkubwa kwamba likizo ni haki ya mfanyakazi. Wenzangu wengi wanatoka vijijini. Wanafika kwao wakati wa palizi, wanapokelewa kwa vigelegele na jembe. Wanarudi kazini wamekonda, viganja vina malengelenge, na sisi tuliobaki tunawauliza mapumziko yalikuwaje.

Mimi sina kijiji. Babu alikuja kutoka pwani na mzigo wa kanga, akafungua duka hapa Singida mjini, akaoa Mnyaturu, na sisi wote tukazaliwa nyuma ya duka hilo. Likizo yangu naimalizia nyumbani, nikigombana na ndugu zangu na mafundi bomba. Kazini nilikuwa kitengo cha kujaza mafuta, nafunga vizibo vya chupa kutwa nzima, na kwa kuwa mdomo wangu mwenyewe hakuna aliyewahi kuufunga, wenzangu walinichagua niwe katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Sikukataa. Napenda ugomvi wa halali.

Ugomvi ninaotaka kuusimulia ulianza siku tulipopewa hati za mshahara. Mkataba wetu wa hali bora, ule ambao chama kilisaini na mwajiri, unasema mfanyakazi anayekwenda likizo atapewa posho ya likizo, na juu yake nauli ya kwenda kwao na kurudi. Msimu huo posho ilikuja imekatwa kodi, na nauli nayo imekatwa kodi. Watu walichachamaa. Mtu wa mizani alisema serikali imepanda naye basi, imekaa siti ya dirishani, na nauli yake amelipa yeye.

Tuliitisha mkutano kwenye banda la mashudu, yale makapi ya alizeti yanayobaki baada ya kukamua, ambayo wafugaji hununua kwa ajili ya ng'ombe. Tulikaa juu ya magunia. Mimi nilikuwa nimekwishakwenda kuuliza kwa wanaojua, kwa hiyo nilisimama nikawaeleza bila kuwapaka mafuta. Posho ya likizo ni kipato kama mshahara, inakatwa kodi, na hata tukigaragara chini itakatwa. Lakini nauli ni pesa inayopita mfukoni mwako ikielekea kwa kondakta. Hiyo haikatwi, ilimradi iwe nauli ya kweli ya safari ya kweli.

Walisikia "haikatwi", wakapiga makofi na miluzi. Hayo maneno ya mwisho nadhani yalidondokea kwenye mashudu.

Basi tukaenda kumkabili mhasibu. Alikuwa kijana mpole, shati lake limenyooshwa hadi unaogopa kulisogelea, anaamkia kila aliyemzidi umri hata kwa mwezi mmoja. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, risiti. Hakuamini kitu chochote duniani ambacho hakina risiti. Aliwahi kumdai risiti mama anayetuuzia chapati getini, na yule mama akamkabidhi chapati, akamwambia risiti ataikuta tumboni. Alipotusikiliza alisema tatizo si yeye, tatizo ni kwamba hakuna aliyemletea tiketi, na nauli isiyo na tiketi yeye anaihesabu kuwa ni pesa ya mtu ya kutumia. Leteni tiketi, akasema, kodi ya nauli itarudi.

Tulishinda kirahisi hivyo hadi nikahisi nimepunjwa. Nilitaka angalau mtu mmoja apige meza.

Tangazo lilipobandikwa ubaoni, chini kabisa kulikuwa na sentensi ambayo sisi hatukuizungumza. Iliwekwa na afisa utumishi, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo. Ilisema mfanyakazi yeyote aliyesaini kwamba alisafiri, halafu akashindwa kuthibitisha, atatakiwa kujieleza kwa kosa la udanganyifu. Na udanganyifu kwetu haukuwa kosa la kuonywa. Lilikuwa kosa la kurudisha ovaroli na kwenda zako.

Kilichofuata ni maajabu. Watu ambao hawajawahi kuvuka Manyoni walileta tiketi za Bukoba. Fundi umeme mmoja, ambaye kwao ni nyuma ya kiwanda, unaweza kumwita chakula kwa kupiga kelele, aligundua kwamba asili ya ukoo wao ni Mtwara. Dada wa maabara alileta tiketi ya siku ambayo sote tulikuwa naye harusini, anacheza mbele ya spika. Vijana wa stendi walipata biashara mpya, wakawa wanauza safari bila basi. Mimi niliyaona haya yote nikakohoa. Kazi yangu ilikuwa kutetea wafanyakazi, na upolisi sikuuomba. Mhasibu alizipokea tiketi zote kwa heshima, akazigonga muhuri, akazipanga.

Mtu mmoja tu hakuleta tiketi, na huyo alikuwa amesafiri kweli.

Alikuwa fundi wa boila, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Alivaa kofia ya sufu mbele ya moto uleule uliotufanya sisi wengine tutembee mbali na mlango wake. Kwao ni Mungaa, na kila likizo alikwenda kwa mama yake, bila kukosa. Sasa kwenda kwao kunataka upande kigari kidogo cha stendi, ambacho kondakta wake anaandika hesabu kichwani, kisha bodaboda, na kama mto wa mchanga umejaa unavua viatu na kumalizia kwa miguu. Hapo tiketi utaipata wapi? Ukimwomba mwendesha bodaboda risiti atadhani unamtafutia kesi.

Siku aliyorudi nilikuwa ofisi ya uhasibu nikifuatilia makato ya ada ya chama. Aliingia na kuku kwapani. Kwa watu wa kwetu, anayetoka nyumbani harudi mikono mitupu. Wanaokuzunguka lazima waonje kwenu, hata kama ni karanga za kiganja kimoja. Kuku mwenyewe alikuwa mwekundu, kishingo, yaani wale wasio na manyoya shingoni, na alikuwa anatutazama kwa dharau.

"Mhasibu, mama anakusalimia," akasema. "Nilimwambia kuna kijana wetu pale ndiye anayetushughulikia nauli. Akasema huyu mpelekee."

Kijana alisimama, akampokea kuku kwa mikono miwili, akashukuru vizuri kama mtu aliyelelewa. Kisha akamfunga kwenye mguu wa meza. Kufikia saa ya chai kuku alikuwa amezichafua tiketi za Bukoba, na kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa ukaguzi pekee wa haki zilioupata. Wiki iliyofuata, tukiwa kwenye foleni ya chapati, mhasibu alitusimulia jinsi yule kuku alivyokuwa mtamu. Mchuzi wake peke yake, alisema, ulitosha mlo. Nakumbuka kwa sababu nilimwonea wivu.

Halafu barua ikaja.

Fundi wa boila aliniletea mwenyewe, ameikunja kwenye kofia. Barua ilimtaka ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua kwa kusaini kwamba alisafiri kwenda Mungaa ilhali hakuna uthibitisho wowote wa safari hiyo. Mhasibu alikuwa amepeleka kwa afisa utumishi majina ya wasio na tiketi, na jina lilikuwa hilo moja. Nilisoma mara ya kwanza nikacheka, nikidhani ni makosa. Nilisoma tena, hasira zikanipanda hadi masikio yakawa moto. Ameshiba kuku wa watu, amekwangua sufuria, halafu anaandika kwamba mwenye kuku hakwenda kokote!

"Mzee, hii tutaimaliza," nikamwambia.

Alikaa kwenye ngazi ya boila. "Dada katibu, kodi wakate. Wakate na nyingine. Lakini hii barua inasema mimi sikwenda kumwona mama. Nimekwenda, nimemlimia, nimemwezekea jiko. Sasa nikifukuzwa kazi kwa sababu hiyo, nitamwambia nini?" Akavua kofia akaitazama ndani. "Hata kustaafu hawajaniacha nistaafu."

Nilimpigapiga begani, jambo ambalo kwa mtu wa umri wake halikuwa adabu, na yeye hakujali.

Kikao kilifanyika ofisini kwa meneja. Meneja alikuwa mtu wa haraka, kila kikao alikaa ukingoni mwa kiti akiwa tayari kuondoka. Afisa utumishi alikaa kulia kwake, mhasibu kushoto na mafaili yake, na sisi wawili upande wa pili, mimi na fundi wa boila, ambaye alikuwa amevaa koti la kwendea kanisani. Afisa utumishi alisoma mashtaka. Akauliza kama kuna tiketi. Hakuna. Akauliza kama kuna risiti ya aina yoyote. Hakuna. Fundi wa boila alijibu kila swali taratibu, akitazama meza, na nikaona jinsi mtu mkweli anavyoweza kuonekana mwongo akikalishwa kwenye kiti kibaya.

Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu mkataba wa hali bora. Nilipomwona mhasibu akipangusa vumbi kwenye faili kwa kidole kimoja, hotuba ikanitoka kichwani, akabaki kuku.

"Mheshimiwa meneja, naomba nimuulize mhasibu swali," nikasema. "Mhasibu, mezani kwako hapo juzijuzi palifungwa kuku mwekundu. Nani alikupa?"

Alishtuka. "Mzee hapa. Alinipa kama zawadi."

Afisa utumishi akavua miwani, ikabaki inaning'inia. "Zawadi? Na madai yake yakiwa mezani kwako?" Akachukua kalamu. "Hapo tunazungumza kitu kingine. Hiyo inaweza kuwa rushwa."

Ile kalamu ndiyo iliyonipa akili. Hadi hapo nilitaka tu kumwaibisha mhasibu kwa kula vya watu. Lakini nilipoona rangi inavyomtoka usoni, nikaona mlango umefunguliwa mpana kabisa, nikaingia.

"Mama, na mimi nina wasiwasi huohuo," nikasema kwa unyenyekevu ambao mama yangu mzazi angeucheka. "Maana hapa kuku anaweza kuwa wa aina mbili. Kama mzee alikwenda Mungaa, basi huyo ni kuku wa safari. Ni salamu za nyumbani, desturi yetu sote, na hata wewe mama uliletewa asali ya Itigi ukashukuru. Lakini kama mzee hakwenda popote, kama barua yenu inavyosema, basi kuku alinunuliwa hapahapa sokoni, akapelekwa kwa mhasibu ili mambo yalainike. Na mhasibu akamla. Mimi sijui. Aliyemla ndiye atuambie alikula kuku gani."

Afisa utumishi alitazama dirishani kana kwamba anaiona asali yake mwenyewe huko mbali iliko. Fundi wa boila alinigeukia akiwa ameduwaa. Nadhani hakuwa amewahi kufikiri kwamba kuku wa mama yake anaweza kuwa na mawakili.

Mhasibu alitazama dari. Alitazama faili. Kisha akasema, "Alikuwa kuku wa Mungaa."

"Una hakika?" meneja akauliza.

"Nina hakika."

"Unathibitishaje?"

Kijana wa watu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukubali neno bila karatasi, alimeza mate. "Ladha," akasema. "Kuku wa mjini hawana ladha ile."

Meneja alicheka hadi akakaa vizuri kwenye kiti, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa. Mimi nilijifanya nakohoa. Afisa utumishi alivaa miwani, akauliza kwa sauti kavu, "Kwa hiyo mzee alisafiri?"

"Alisafiri, mama."

"Basi iandikwe," nikasema haraka, kabla mtu hajabadili mawazo.

Barua ilifutwa. Kodi ya nauli ilirudishwa. Tangazo jipya likabandikwa, kwamba asiyeweza kupata tiketi alete hata maneno mawili ya mtendaji wa kijiji chake. Posho ya likizo iliendelea kukatwa kodi na inakatwa hadi leo, na kila mwaka kuna mtu anayekuja kunilaumu mimi kana kwamba ninaipeleka nyumbani. Lakini siku ile nilitoka ofisini nikijiona mrefu. Nilitaka kuwasimulia wenzangu wote kabla chai haijapoa.

Fundi wa boila hakuwa na furaha niliyoitegemea. Alinishukuru, akatembea nami hadi karibu na mizani, kisha akasimama.

"Kumbe alimla," akasema.

"Alimla, mzee, hadi mifupa. Si ulimpa?"

"Yule alikuwa wa kufuga." Alisema kwa huzuni kabisa. "Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutaga. Mama ana matetea machache, akachagua huyo ndiye bora. Alisema kijana aliye mbali na kwao aanze na mmoja, baada ya muda atakuwa na banda." Akavaa kofia yake. "Usimwambie mtu, dada katibu. Mama akisikia ataona kosa ni lake, hakueleza."

Sikumwambia mtu, na kwangu mimi hiyo ni kazi nzito kuliko kikao chochote.

Alizeti ilipoanza kuingia tena, mama yake aliletwa mjini kutibiwa macho. Wakitoka hospitali, akaomba apitishwe aone mahali mwanawe anapochochea moto. Nilikuwa getini naagana na dereva wa mashudu. Bibi mdogo wa mwili, kitenge kipya, pamba na plasta juu ya jicho moja, ameshikwa mkono na lile jitu la boila ambalo siku hiyo lilikuwa limekuwa mtoto. Walikuwa wanaongea Kinyaturu kwa sauti ya chini. Mhasibu akatokea ndani na faili lake, na kwa adabu zake zilezile akaja moja kwa moja kuamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Fundi wa boila akamnong'oneza ni nani. Uso wa bibi ukafunguka. Akaachia mkono wa mwanawe, akaushika wa mhasibu. "Kumbe ndiye wewe! Na bado mtoto hivi. Haya, kuku wangu hajambo?"

Mhasibu alimtazama fundi wa boila. Fundi wa boila alikuwa anatazama bomba la moshi la boila yake, kwa makini, kama mtu aliyeambiwa lina ufa. Mimi nilikuwa na maneno mdomoni, matamu, yaliyoiva. Niliyameza.

"Hajambo, mama," mhasibu akasema.

"Ameanza kutaga?"

"Ameanza."

"Mayai usiyale yote, baba. Mwachie mengine alalie."

"Nitamwachia, mama."

Bibi akaridhika. Hakuuliza banda liko wapi, hakutaka kumwona kuku, hakuuliza yai la kwanza lilikuwa siku gani. Alimwombea kijana heri, akamwambia Mungu amzidishie, akashika tena mkono wa mwanawe wakaenda zao taratibu kuelekea kwenye boila. Mhasibu alibaki amesimama, faili kifuani, mkono ule ulioshikwa ameuacha wazi. Nilikuwa nimemsubiri kwa miezi mingi nimwone ameumbuka. Nilipomwona, sikufurahi hata kidogo. Nilimwonea huruma.

Jioni, watu wakitoka zamu, alinifuata hadi nje ya geti. Aliangalia nyuma kwanza.

"Dada katibu, kuku kishingo wale wekundu, wanauzwa mnada gani? Issuna ninaweza kuwapata?"

"Issuna utapata kuku," nikamwambia. "Yule hutampata. Nenda Mungaa kwa mwenyewe, umwambie ukweli, akupe mwingine au akufukuze. Beba sukari."

Alifikiri. Akatoa kalamu mfukoni, mazoea tu, akaniuliza safari nzima ni shilingi ngapi, kigari na bodaboda.

"Andaa chenji," nikasema. "Na usimwombe mtu tiketi. Wewe nenda tu. Sisi tutajua kama ulifika."